Kitabu Kisicho na Chakula

"Unatoka wapi?"

"Kizuka."

"Kwa nani?"

"Kwa mama. Madamu Speciosa ni dada yake. Nimekuja kusaidia kuvuna chikichi."

Aksanti alijibu huku anafunga kamba ya kiatu, bila kuinua kichwa. Kila asubuhi, kabla ya uji, Speciosa alimuuliza maswali hayo hayo, na kila asubuhi alijichukia kidogo. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya msingi kando ya ziwa, upande wa Minago, na somo alilolifundisha vizuri kuliko yote mwaka huo lilikuwa uongo.

Uji wenyewe ulikuwa wa muhogo, hauna sukari. Sukari ilikuwa imepotea madukani muda mrefu, na ikionekana, inaonekana kwa mlango wa nyuma wa mtu mwenye cheo. Mafuta ya mawese nayo yalipanda bei mpaka watu wanaoamka na kulala katikati ya michikichi wakawa wananunua kwa kikombe cha chai. Ziwa lilikuwa limefungwa, hakuna ruhusa ya kuvua, na wavuvi walikaa ufukweni wanashona nyavu zilizokwisha kushonwa. Noeli ilikuwa inakaribia, na hakuna aliyeitaja kwa furaha.

Mama yake Aksanti, Chanceline, alikuwa ameshatoka gizani kwenda kukamua mawese kwenye mashine ya mtu. Yeye na bintiye walivuka kutoka Kivu ya Kusini siku risasi zilipofika mtaani kwao. Mtumbwi wa injini ulikuwa umejaa, mumewe Akonkwa akabaki ng'ambo akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, akawapigia kelele wamngoje Minago, pale mitumbwi inapofikia, atawakuta. Ndiyo sababu hawakutaka kuondoka pwani, wakakubali chumba cha nyuma alichowapa Speciosa. Wakiondoka, atawatafuta wapi?

Lakini amri ilikuwa waondoke. Chef wa mtaa, yaani mwenyekiti wake, Hyacinthe, alipita na kipaza sauti akasema kila aliyetoka ng'ambo apelekwe kambini, huko juu bara, siku nzima kwa lori. Anayelaza mtu ambaye hakuandikwa kwenye kaye ya nyumba, lile daftari ambalo kila kaya hapa inaandika majina ya wanaolala ndani, atalipa faini. Na akiwa mfanyakazi wa serikali, kazi ameiaga. Speciosa alisikia yote hayo akiwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, na Chanceline amekaa humo ndani anachambua maharage. Speciosa mwenyewe alizaliwa kambini, Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akatoka humo akiwa mtu mzima. Kambi aliijua. Akafunga mlango, akaenda kumwambia direkteri wa shule kwamba mtoto wa dada yake amekuja kutoka kijiji cha Kizuka, anahitaji nafasi darasani.

Aksanti alipata nafasi, lakini hakusema neno. Ameambiwa asiseme, maana Kiswahili chake cha ng'ambo kinamfichua mara moja. Direkteri alishaamua kuwa ni mtoto mzito. Kila aliposema hivyo Speciosa aliitikia kwa kichwa.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya likizo, na kulikuwa na kazi ya kuchagua kitabu.

Shule ilikuwa na karton moja ya vitabu vya picha, zawadi ya shirika fulani. Mwaka mzima vitabu hivyo vilikaa kwenye kabati la direkteri Revokatus, kila kimoja ndani ya plastiki yake, ili visichafuke. Mtoto akichafua kitabu direkteri anaulizwa. Mtoto asipojua kusoma, haulizwi mtu. Basi vilitoka mara moja tu, siku ya kufunga kwa Noeli, mgeni wa shirika anapokuja na kamera. Mwalimu anasomea watoto kwa sauti, watoto wanajadili, picha zinapigwa, vitabu vinarudi kabatini. Waliozoea kuvisoma walikuwa panya. Speciosa alipofungua karton, kinyesi chao kilimiminika mezani, na pembe za vitabu kadhaa zilikuwa zimetafunwa.

"Panguza tu," direkteri alisema. "Watapiga picha upande wa mbele."

Yeye alikuwa ameshachagua. Alishika kitabu chenye theluji, nyumba ndogo yenye moshi, na mzee mnene mwekundu juu ya paa. Rangi zake, alisema, zitatoka vizuri kwenye picha.

Mtu wa tatu mezani alikuwa Rachelle, mama yake mwanafunzi Jephté, mjumbe wa wazazi. Aliuza mafuta kandokando ya barabara, na kanga yake ilikuwa na madoa mekundu yasiyotoka tena. Alikuja kwa kazi moja, na aliisema kabla ya kukaa. Mwaka uliopita walisomewa kitabu cha Noeli chenye bata wa kuokwa, keki na watoto waliovaa nguo mpya. Madamu mwenyewe, Mungu amsamehe, aliuliza darasa: na nyinyi kwenu mtakula nini? Jephté akasimama akasema ukweli, ugali na lengalenga, mchicha wa huku, darasa zima likacheka, na wageni pia wakacheka. Likizo yote mtoto alilia akidai bata. Baba yake, ambaye hakuwa amepata hata ndagala, dagaa wa ziwani, wa kuuza, alimpiga mpaka majirani wakaingilia.

"Mi sikatai masomo," Rachelle alisema. "Lakini mutuchagulie kitabu kenye hakuna chakula. Na nguo mupya hapana. Wazazi wote wanasema vile."

Direkteri alicheka kwa pua. Speciosa hakucheka, swali lile lilikuwa lake. Alivuta karton kwake, wakaanza kutafuta, yeye na Rachelle, kitabu cha Noeli ambamo hakuna anayekula.

Mtu asiyewahi kutafuta hawezi kuamini. Vitabu vyote vilikuwa vinakula. Katika kimoja sungura wanaoka mikate. Kingine kina bibi anayekoroga sufuria ya chokoleti, na paka wake ana sahani yake mwenyewe. Kitabu cha theluji kilikuwa na meza kutoka ukurasa mmoja mpaka mwingine, na Rachelle aliitazama meza hiyo muda mrefu, kisha akafunga kitabu kwa vidole viwili kana kwamba kimelowa. Hata kile cha maskini, kilichochorwa ili watoto wajifunze huruma, kilimwonyesha maskini huyo mwishoni akipewa kuku mzima. Speciosa alikisukuma pembeni. Nani huko aliyekaa akawaza kwamba zawadi ya kumpa mtoto mwenye njaa ni picha ya chakula cha mwenzake?

Chini kabisa walikuta kitabu chembamba. Maria na Yosefu wanatembea. Maria ana mimba. Wanabisha mlango, wanakataliwa, wanabisha mwingine. Wanaishia zizini, mtoto anazaliwa, basi. Hakuna meza, na nguo zao ni zile zile mwanzo mpaka mwisho. Rachelle alikagua ukurasa kwa ukurasa, akasimama kwenye zizi.

"Huyu punda iko anakula."

"Nyasi, Mama Jephté."

Rachelle alifikiri. "Nyasi tuko nazo," alisema. "Hiki kizuri."

Direkteri alinung'unika kuhusu rangi, lakini kengele ilikuwa inagonga na mgeni wa shirika alishafika. Speciosa alikichukua kitabu akaridhika. Hadithi hiyo aliijua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, ameisikia kila Desemba ya maisha yake, na pengine ndiyo sababu hakuisikia tena. Alikuwa amehesabu sahani. Hakutazama milango.

Darasa lilijaa. Watoto walikaa wanne wanne kwenye madawati ya wawili, wazazi walisimama nyuma. Mbele, kwenye viti vya direkteri, walikaa wageni wawili: dada wa shirika mwenye kamera, na chef Hyacinthe, ambaye hakualikwa na hakuna aliyeshangaa, maana penye soda yeye yupo. Fanta zilikuwa mbili, za wageni. Hyacinthe aliimaliza yake kabla ya ukurasa wa kwanza, kwa mlio, na macho ya watoto yalifuata chupa ikipanda na kushuka. Kisha akatoa kijiti mfukoni akaanza kuchokonoa meno.

Speciosa alisoma. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, yeye akakigeuza papo hapo, mara Kirundi, mara Kiswahili, akiinua picha juu ili wa nyuma waone. Kwenye kila mlango mwenye nyumba alisema neno moja, na watoto walilidaka upesi. Mlango wa tatu hawakumngoja mwalimu.

"Nyumba imejaa," darasa lilisema kwa pamoja.

Ilipofika zamu ya kujadili, aliuliza swali lililokuwa salama kuliko yote aliyoyafikiria: Kwa nini Yosefu alikosa mahali pa kulala?

Jephté alisimama. Alisema mwenye nyumba hana kosa. Yosefu hakuandikwa kwenye kaye, na kama wangekuja kukagua usiku, mwenye nyumba ndiye angelipa faini. Msichana mmoja akaongeza kwamba Yosefu angeanza kwa chef kuomba karatasi, na angemwachia chef kitu kidogo. Wazazi walitazama chini. Hyacinthe aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu anayesikia wanafunzi wake wamefaulu. Dada wa shirika hakujua Kiswahili. Alitabasamu na kupiga picha.

Speciosa alisimama na kitabu mkononi, amekasirika asijue amkasirikie nani. Watoto wa miaka kumi, wabatizwa wote, wanamsikia mwanamke mjamzito anafukuzwa mlangoni na wanamtetea mwenye mlango. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wamefundishwa, na si yeye aliyewafundisha. Ndipo akauliza swali la pili, kwa hasira, bila kulipima.

"Haya. Yosefu angefanya nini ili Maria alale vizuri?"

Mkono uliinuka karibu na dirisha, mkono ambao haukuwa umeinuka mwaka mzima. Kabla ya kuogopa, Speciosa alifurahi. Hilo hakuja kulisahau, kwamba alifurahi kwanza.

"Yosefu alikosa akili," Aksanti alisema. Alisema wazi, kwa Kiswahili chake chote. "Alibisha muchana, bantu bote banamuona. Inatakiwa apite usiku, mulango ya nyuma. Na bakimuuliza, aseme Maria ni mutoto ya dada ya mwenye nyumba, anatoka Kizuka, amekuya kuvuna chikichi. Na Maria asiseme kitu. Juu Kiswahili yake itamuonyesha."

Darasa lilicheka. Ilikuwa jibu bora kuliko yote. Yosefu anavuna chikichi Kizuka, nani asingecheka? Direkteri alicheka na kushangaa kwamba mtoto mzito ana ulimi. Hyacinthe alicheka pia, kijiti mdomoni, na kicheko chake kilichelewa kuanza na kuwahi kukoma.

"Vizuri sana, mama," alimwambia Aksanti. "Na huyo dada wa Kizuka, jina lake nani?"

Hilo hawakuwahi kulifanyia mazoezi. Aksanti alifungua mdomo, akamgeukia Speciosa, na kule kugeuka kulitosha. Hyacinthe aliondoa kijiti, akakitazama, akakitupa sakafuni.

Dada wa shirika aliomba picha ya mwisho, na msichana aliyejibu vizuri. Wakampanga mbele akishika kitabu kifuani, direkteri kushoto, chef kulia. Hyacinthe aliweka kiganja juu ya kichwa cha Aksanti na kutabasamu mpaka kamera ilipomaliza. Picha hiyo ingetundikwa ofisini kwa shirika, direkteri alisema, labda na Bujumbura. Kisha akamnyang'anya mtoto kitabu, akakipanguza kwa leso, akakirudisha kwenye plastiki yake.

Hyacinthe alimngoja Speciosa barazani. Hakupandisha sauti; watu wa namna yake hawapandishi.

"Amahoro, Madamu. Mi siko mutu mubaya. Ningeandika jina yako, kazi yako ingeisha leo. Lakini tuko majirani. Lori linapita saa tisa, mama na mutoto wakuwe tayari."

Speciosa alimweleza kuhusu mume, kuhusu Minago, kuhusu mitumbwi. Alimwomba siku chache, mpaka Noeli ipite tu. Hyacinthe alisikiliza kwa adabu, akitazama viatu vyake. Alisema huko kambini watu wanaandikwa vizuri, mume akija atawapata. Walijua wote wawili kwamba si kweli.

"Na ile chumba itabaki bure," akaongeza, kana kwamba amekumbuka sasa hivi. "Niko na bidoni zangu za mawese, nangojea bei ipande kisha sikukuu. Mahali pa kuziweka inakosekana. Mutu atazileta magaribi. Tutasaidiana, si ndiyo?"

Hakungoja jibu. Alikuwa amezoea kwamba jibu ni ndiyo.

Saa tisa lori lilisimama barabarani, limeshapakia watu wa mitaa mingine, magodoro, masufuria na mzee mmoja aliyelazwa juu ya magunia. Chanceline alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mashine, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Hawakumpa nafasi ya kunawa. Hakumlaumu mtu. Alifunga nguo zao kwenye kitenge kimoja, akamshika Speciosa mkono na kuuacha na mafuta.

"Yaya, dada yangu, akikuya, umwambie tulingojea."

Aksanti alipandishwa na askari mmoja. Alishika ubao wa lori, akainama kuelekea chini.

"Madamu, nilijibu mubaya?"

"Hapana," Speciosa alisema. "Ulijibu vizuri kuliko wote."

Ilikuwa kweli, na ndilo lililomtia kinyaa. Alitema mate mavumbini, mbele ya askari, yeye ambaye huwapiga marufuku watoto kutema mate. Lori likaondoka kuelekea milimani, likiacha ziwa nyuma.

Hakurudi shuleni kwa mkutano wa walimu. Alishuka mpaka pale mitumbwi inapofikia, akaacha jina la Akonkwa kwa kila aliyekubali kulisikia, na maelezo ya njia ya nyumbani kwake. Wavuvi waliitikia bila kuahidi. Waliachiwa majina mengi.

Aliporudi alifagia chumba cha nyuma. Mkeka waliuacha. Alikuta pia mchoro wa chaki ukutani, karibu na mahali pa kichwa: mtumbwi, watu wawili ndani, mmoja nje ndani ya maji. Hakuufuta. Alikuwa bado ameshika ufagio aliposikia kengele ya baiskeli. Ni Lukeba, mbeba mizigo wa barabarani, anasukuma baiskeli yenye bidoni, madumu ya plastiki ya manjano, zimefungwa pande zote hata usukani hauonekani. Jasho lilimtoka. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaanza kufungua kamba.

"Za chef," alisema. "Amesema chumba ya nyuma."

Speciosa alisimama mlangoni. Aliifikiria kazi yake. Alifikiria mshahara ambao hata ulipokuja haukufika katikati ya mwezi, na lori lingine linaloweza kupita. Alijua vizuri atakacholipia. Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu kabisa, sakafu imefagiwa, jua la jioni limeingia mpaka kwenye mkeka.

"Rudisha," alisema. "Mwambie nyumba imejaa."

Lukeba alichungulia juu ya bega lake, kwa heshima, kama mtu anayedhani hakusikia vizuri.

"Imejaa nini, Madamu? Mbona naona hakuna kitu."

"Mwambie hivyo hivyo. Ataelewa, alikuwepo tukisoma."

Lukeba alisimama kidogo, akangoja abadilishe mawazo. Kisha akakaza kamba zake upya, bidoni moja baada ya nyingine, akageuza baiskeli. Speciosa aliingia ndani, akalaza ule mkeka vizuri karibu na ukuta, akarudi kukaa mlangoni na ufagio magotini, akitazama njia inayotoka ziwani.